Cha Bure na Kilicho Huru

Ukisafiri kutoka Kitale hadi Bungoma kwa kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye, hutakosa kuona vibanda vya kupiga chapa na kutoa nakala. Humo ndimo wakulima wanamojaziwa fomu za kodi, na wanafunzi maombi ya mikopo ya masomo. Waulize wenye vibanda hivyo programu za tarakilishi zao wamezitoa wapi, na jibu aghalabu ni moja: "Hizi ni za bure."

Neno hilo ndilo linalonishughulisha mimi mwanaisimu. Mwingereza ana neno moja tu kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiye mtumwa. Ndiyo maana Richard Stallman wa Marekani, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka wa 1983, amelazimika kueleza kwa miaka na mikaka kwamba anachokitetea ni uhuru wala si bei. Sisi tuna "bure" na tuna "huru", na hakuna Mswahili ayachanganyaye, isipokuwa, yaonekana, akiwa mbele ya tarakilishi.

Chukua TeamViewer, programu ya kuiendesha tarakilishi iliyo mbali. Leseni yake humruhusu mtu binafsi kuitumia bila malipo, lakini mwenye biashara hana budi kulipa. Kijana wa Kitale anayeitumia kuirekebisha tarakilishi ya shangazi yake aliyeko Bungoma hana kosa. Siku atakapomtoza mteja ada kwa kazi iyo hiyo atakuwa amevuka mpaka, ingawa katika programu hakuna kilichobadilika. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 huiweka programu ya tarakilishi katika fungu moja na riwaya, mashairi na kamusi. (Washairi watanisamehe, si mimi niliyeitunga sheria hiyo.) Mwenye programu, basi, ndiye apangaye masharti kama apangavyo mwandishi.

Programu iliyo huru ina kanuni nyingine. Leseni ya GNU, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1989, haimuulizi mtu kama ni mwanafunzi au mchuuzi. Itumie, inakili, ibadilishe, hata iuze sokoni Bungoma kwa shilingi 200 ukipenda, mradi mnunuzi apate haki zizo hizo pamoja na maandishi ya ndani ambayo kwayo programu iliundwa. Kumbe kilicho huru chaweza kuuzwa, na cha bure chaweza kuwa na pingu!

Haki ninayoienzi zaidi ni ile ya kubadilisha, kwa kuwa humo ndimo ilimo lugha. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya afisi iliyosema Kiswahili. Wataalamu wale hawakumpigia mtu magoti, maana leseni ilikwisha kuwaruhusu. Microsoft nayo ilizipa programu zake Kiswahili, lakini kwa hiari yake na kwa wakati wake. Kiswahili kina mamilioni ya wasemaji. Kampuni ikipiga hesabu huenda ikaona faida. Lubukusu je? Waacholi wa Uganda hawakungoja hesabu hiyo: Firefox ipo kwa Kiacholi, kwa jasho la watu waliojitolea.

Najua mwenye kibanda atanijibu kwamba ana kodi ya pango ya kulipa, na kwamba barua ya mteja iliyoandikwa kwa programu ya kampuni huvurugika ikifunguliwa kwa LibreOffice. Wakati mwingine ni kweli, na ni kero. Lakini bodi za shule za Trans Nzoia na Bungoma hazina haraka ya mteja aliyesimama mlangoni. Zinaponunua tarakilishi huuliza bei, na ni haki yao. Ningependa ziulize na hili: mwalimu akitaka maneno "fungua" na "hifadhi" yasomeke kwa Lubukusu kwenye kioo, ataomba ruhusa kwa nani?