Kingamwili Iliyotafuta Mkia kwenye Damu

Swali la Harold Erickson lilikuwa dogo mno kiasi cha kuudhi: kingamwili hii ilitengenezwa ishike sehemu gani?

Mwanabayolojia huyo wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliliuliza mwaka 2013, wakati irisini ikiwa gumzo. Mwaka mmoja nyuma, kundi la Bruce Spiegelman wa taasisi ya Dana-Farber, Boston, lilikuwa limetangaza kwamba mazoezi huifanya misuli ikate kipande cha protini yake iitwayo FNDC5 na kukimwaga kwenye damu. Kipande hicho, irisini, kikifika kwenye mafuta ya mwili huyachochea yaunguze nishati. Wenye vitambi walipata habari njema, na wenye maabara wakapata kazi.

Erickson alikuwa ameshughulika kwa miaka mingi na familia ya protini ambayo irisini ni mwanachama wake, kwa hiyo hakusoma kama mgeni. Alichokiona ni hiki: irisini ni sehemu ya nje ya FNDC5, lakini kingamwili iliyotumika kuionyesha kwenye damu ilielezwa kuwa imetengenezwa dhidi ya mkia, sehemu inayobaki ndani ya seli. Irisini haina mkia huo. Basi kule kwenye damu kingamwili ilikuwa imeshika nini? Katika mapitio yake alitaja kasoro tatu za utafiti ule, na hii ndiyo inayouma kuliko zote.

Hata hivyo biashara ilikwishashika kasi. Kampuni ziliuza vifaa vya kipimo cha ELISA, ambacho nacho hutegemea kingamwili: sahani ya plastiki yenye visima 96, unadondosha seramu, unaongeza vitendanishi, rangi inajitokeza, mashine inatoa namba. Makala za kitaalamu zikamiminika kwa makumi. Shida ni kwamba rangi haitaji jina. ELISA ni mlinzi anayehesabu wanaopita getini bila kudai kitambulisho.

Anayedai kitambulisho ni westani bloti. Seramu huchemshwa pamoja na sabuni kali, ikawekwa kwenye jeli, kisha umeme huzivuta protini: ndogo hukimbia mbele, kubwa hujikokota nyuma. Zikishajipanga kwa ukubwa huhamishiwa kwenye utando mweupe. Halafu inakuja hatua ya jikoni kabisa: utando huogeshwa kwenye maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, ili kingamwili isije ikanata ovyo. Ndipo kingamwili humwagwa, na ilipong'ang'ania panaonekana mstari. Mstari ukiwa si mahali pa irisini, aliyekamatwa ni mwingine.

Mwaka 2015 Erickson, akishirikiana na watafiti wa Dummerstorf nchini Ujerumani na wa Oslo, Norwei, alizipitisha kingamwili nne za dukani kwenye mtihani huo. Zote zilikuwa za aina inayovunwa kwenye damu ya mnyama aliyedungwa kipande cha protini, yaani mchanganyiko wa kingamwili nyingi kwa mpigo. Irisini iliyotengenezwa maabara iliwekwa pembeni kama kielelezo. Kwenye seramu ya binadamu na ya wanyama mistari ilijaa, lakini hakuna hata mmoja uliokaa panapostahili. Kichwa cha makala yao kiliiita irisini ngano, na Erickson hakuficha matumaini yake kwamba wenzake wataacha kuifukuza.

Hawakuacha. Miezi michache baadaye kundi la Spiegelman lilipima bila kingamwili, kwa mashine inayotambua vipande vya protini kwa uzito wake. Lilipata nanogramu 3.6 kwa mililita kwa wasiofanya mazoezi, na 4.3 kwa waliofanya. Watu waliopimwa walikuwa wachache, na tofauti ni nyembamba. Je, inatosha kubadilisha mafuta ya mtu? Na kwa nini jeni ya FNDC5 ya binadamu huanza na herufi ATA badala ya ATG iliyozoeleka, jambo linalopunguza utengenezaji wa protini hiyo? Cha ajabu, hata kundi la Erickson, kwa mashine ya aina hiyohiyo, liliona dalili ya FNDC5 kwenye seramu ya binadamu. Zile kingamwili nne ndizo hazikuiona.

Vifaa vya kupimia irisini bado vinauzwa. Anayetaka kununua na aombe kwanza picha ya utando: mistari yote, si ule mmoja uliokatwa ukapambwa kwenye tangazo.