Mzee Asiye na Jamaa

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za wazee wakaao katika makazi ya Serikali kwa sababu hawana jamaa wa kuwatunza. Mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, yako makazi ya namna hiyo, jina lake Fungafunga. Mengine yako katika mikoa mbalimbali ya Tanzania: Nunge huko Kigamboni, Kolandoto huko Shinyanga, Bukumbi upande wa Mwanza, na Njoro katika Kilimanjaro. Huko Unguja nyumba za Sebleni na Welezo zimejulikana kwa kazi hiyo hiyo. Watu wengi wamesikia majina haya, lakini ni wachache wajuao mzee hufikaje huko, hushindaje mchana kutwa, na ni kitu gani hasa anachokikosa. Mambo hayo matatu ndiyo tutakayoyaeleza.

Yafaa kwanza tujue jinsi mzee anavyotunzwa kwa desturi, ndipo tutakapoelewa jinsi anavyobaki peke yake. Katika Uluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na ukoo huo kwa Kiluguru huitwa lukolo. Ardhi ya mlimani tangu zamani ilihesabiwa kuwa mali ya ukoo. Mtoto alipata shamba kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa katika mambo ya wapwa wake. Basi bibi kizee wa Kinole au wa Mgeta, hata akiisha nguvu za kushika jembe, haishi kwa hisani ya mtu. Shamba lililo mbele ya mlango wake ni la ukoo wake, na binti na wajukuu wanaolilima wanakula kwa jina lake. Akiugua, wako watu ambao ni wajibu wao kumchukua kwa machela hata barabarani. Akifa, wako watu ambao ni wajibu wao kumzika, na hakuna anayeuliza ni nani hao, maana wanajulikana tangu alipozaliwa.

Desturi hiyo humlinda sana aliye ndani ya ukoo. Je, aliye nje yake?

Hapa hapana budi tutaje mkonge. Mmea huu uliletwa katika nchi yetu mwaka 1893, na baada ya reli kufika Morogoro mwaka 1907, mashamba yake yalienea Ngerengere, Kimamba, Kilosa na penginepo kandokando ya reli. Kazi ya kukata mkonge ni ngumu, na wenyeji waliokuwa na mashamba yao wenyewe hawakuipenda. Kwa hiyo wenye mashamba waliajiri watu kutoka mbali: Songea, Kigoma, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana watu wakawaita manamba. Aliyefika kwa mkataba alitazamiwa kurudi kwao mkataba ukiisha. Wengi walirudi. Wengine walitia mkataba wa pili, kisha wa tatu, hata njia ya kwao ikaota majani.

Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani za mkonge zipatazo 230,000. Baadaye kamba za nailoni na za plastiki zilienea duniani, bei ya mkonge ikaanguka, na mashamba mengi yakabaki magugu. Mtambo ulisimama, lakini mtu alibaki. Tufanye hesabu ndogo: kijana aliyekuwa na miaka 20 katika mwaka 1960 alitimiza miaka 80 katika mwaka 2020. Ikiwa hakuoa, au mke alikufa na watoto hawakupatikana, amezeeka katika nchi isiyo ya ukoo wake, hana shamba la kurithi, wala mpwa wa kumwita mjomba. Nguvu zake alizitia katika kamba zilizofungia mizigo ya dunia, naye mwenyewe hakufungwa na mtu yeyote.

Hiyo ni njia moja ya kufika katika makazi ya wazee. Njia nyingine ni ya mtu aliyezaa na kuzikwa watoto wake wote mbele ya macho yake, kwa maradhi au kwa ajali. Njia ya tatu ni ya yule ambaye jamaa anao lakini wamemshindwa au wamemkataa. Katika baadhi ya sehemu za Usukuma vikongwe wamefukuzwa, hata kuuawa, kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni waliowapikia watoto miaka mingi! Kwa mtu wa namna hiyo makazi ni kimbilio, wala si aibu. Kwa hiyo tusiseme kwa haraka kwamba kila mzee aliyeko makazini ametupwa, wala tusiseme kwamba kila aliyeko kwa jamaa yake anatunzwa vema.

Mzee hapokewi makazini kwa kugonga mlango tu. Sera ya Taifa ya Wazee, iliyotolewa mwaka 2003, yasema mzee ni mtu mwenye miaka 60 au zaidi, na kwamba mahali pake pa kwanza ni katika familia na jamii yake. Makazi ya Serikali ni ya mwisho, baada ya njia nyingine zote kukosekana. Basi habari zake huanzia kwa viongozi wa kijiji au mtaa, nao humpelekea Afisa Ustawi wa Jamii. Afisa huyo hutafuta kwanza jamaa: je, hana ndugu, mpwa, mjukuu, hata wa mbali? Asipopatikana mtu, ndipo mzee hutafutiwa nafasi.

Sasa tuangalie siku yake. Wazee huamka mapema, maana usingizi wa uzeeni ni mfupi. Wenye kuswali huswali, na wenye kusali husali. Kisha huja uji. Mwenye nguvu kidogo hufagia mbele ya chumba chake, au humwagilia mchicha. Mwenye mikono mizuri husuka ukili. Asiyeona huongozwa na anayeona, na asiyeweza kutembea huletewa maji na mwenye miguu. Mchana chakula hupikwa, aghalabu ugali au wali na maharage, na baada yake watu hukaa kivulini. Yuko mkuu wa makazi aitwaye Afisa Mfawidhi, wako wahudumu, na mara nyingi wazee wenyewe huwa na mwenyekiti wao, ambaye hupeleka maneno yao kwa wakubwa na kuamua magomvi madogo.

Magomvi yapo, wala tusishangae. Fikiri mwenyewe: watu waliotoka pande mbalimbali za nchi, kila mmoja na lugha yake, dini yake na tabia aliyoizoea miaka 70, wanawekwa katika uwanja mmoja. Huyu ataka redio isemwe kwa sauti, yule ataka kulala. Huyu avuta tumbaku, yule akohoa. Mtu ambaye zamani alikuwa bwana wa nyumba yake sasa anaambiwa saa ya kula. Jambo la kusuluhisha ugomvi wa namna hii si dogo, maana kwa mzee asiye na shamba wala mbuzi, kiti chake cha kivulini ndiyo milki yake.

Lakini katika watu hao hao ndipo ujirani unapozaliwa. Sisi watu wa nchi hii tuna chombo kimoja kizuri sana cha kuwaunganisha wageni, nacho ni utani. Mngoni na Msukuma, ambao babu zao walipigana, leo hutukanana kwa kicheko na hakuna anayekasirika. Waluguru nao wana utani wa koo kwa koo, na mtani alikuwa na kazi yake maalumu katika mazishi: ndiye aliyeruhusiwa kucheka na kuchekesha penye kilio. Mzee akipata mtani katika makazi, amepata mtu wa kumwuliza kila asubuhi, "Ala! Hujafa bado?" Maneno haya ukiyasikia kwa mbali waweza kudhani ni ukatili. Ukikaa karibu utafahamu kwamba maana yake ni hii: nimeona kwamba uko, na kesho nitaangalia tena.

Twafika sasa katika jambo la tatu, yaani kile mzee wa makazi anachokikosa. Watu wengi hujibu upesi: anakosa chakula, nguo na dawa. Ni kweli kwamba vitu hivi vyaweza kupungua, na misaada ya mchele, sukari na sabuni ipelekwayo na shule, misikiti, makanisa na vyama ni msaada wa haki. Fedha nazo zafaa. Tangu Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya kila mwezi, shilingi 20,000 kwa mwanzo, hata kama hakuwahi kuajiriwa na Serikali. Kenya nayo ilianza mpango wa namna hiyo kwa wazee wa miaka 70 katika mwaka 2018. Mipango hii yamsaidia mzee abaki kwake, maana mwenye kuleta sukari nyumbani haonwi kuwa mzigo.

Lakini liko jambo ambalo halibebwi katika gunia. Mzee wa makazi anakosa mtu anayemjua. Nyumbani kwa ukoo, kila mtu ajua kwamba babu fulani aliwahi kuvuka mto Ruvu ulipofurika, kwamba bibi fulani hali samaki, kwamba mtoto wake wa pili alikufa mwaka wa njaa. Makazini hakuna ajuaye. Mzee akinyamaza, maisha yake yote yananyamaza pamoja naye. Akifa bila mtu kujua jina la mama yake, dini yake, wala kijiji alikotoka, watamzika nani? Watauzika mwili tu. Kwa hiyo habari hizo ziulizwe na kuandikwa mapema, mzee angali na ulimi wake, ili siku ya kifo aitwe shehe au padre anayehusika, na jamaa wa mbali, kama wapo, wapate habari.

Ninyi wanafunzi mnaokwenda kuwatembelea wazee, twawashauri mambo matatu. Kwanza, msiende siku moja kwa kishindo na kupiga picha, kisha msionekane tena mwaka mzima. Ni afadhali watoto wawili waende kila mwezi, kuliko mia waende mara moja katika siku ya wazee duniani, ambayo ni tarehe 1 Oktoba. Pili, mwamkieni mzee kwa shikamoo, mjifunze jina lake, na mngojee marahaba yake kabla ya kufungua mfuko wa zawadi. Tatu, nendeni na swali. Mwulizeni mkonge hukatwaje, na mwiba wake hutolewaje kidoleni. Mwulizeni treni ya zamani ilichukua siku ngapi kutoka kwao. Aulizwaye ameheshimiwa, kwa kuwa anatoa kitu, wala hapokei tu. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nanyi wakulima wa milimani, msifikiri kwamba habari hii ni ya watu wa mbali tu. Vijana wanashuka kwenda Morogoro na Dar es Salaam, na njia za Uluguru ni mwinuko mkali. Mzee aweza kuwa na ukoo mzima kwa jina, lakini akakosa mtu wa kumpandishia ndoo ya maji. Ukoo usiochota maji si ukoo bali ni orodha ya majina. Basi kila kitongoji kiwajue wazee wake waishio peke yao, na wapangwe watu wa kuwapitia kwa zamu kuwatazama kuni, maji na moto. Shamba la mzee lisiuzwe kwa siri na wapwa walioko mjini, maana kwa kuuza shamba hilo wameuza mizizi yake. Tena mzee asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bila malipo. Viongozi wa kijiji wamsaidie kupata kitambulisho chake kabla hajaugua, si siku ya machela.

Makazi kama Fungafunga yatahitajika siku zote, kwa kuwa katika kila kizazi wako watakaobaki bila mtu. Kazi ya Serikali ni kuwapa paa, kitanda, chakula na dawa. Kazi iliyobaki ni yetu sisi majirani, nayo haihitaji fedha nyingi. Mzee akiitwa kwa jina lake, na jina la ukoo wake, na jina la kijiji alikotoka, tayari amekwisha kupata jamaa mmoja.