Korosho Haifuti Alama za Vidole

"Daktari, huna dawa ya kuotesha alama za vidole?" Swali hili nimeulizwa hapa Lindi: Nachingwea, nikaulizwa Ruangwa, nikaulizwa hata kwa simu na mtu ambaye laini anayopigia ilisajiliwa kwa kidole cha shemeji yake. Jibu ni hapana. Dawa hiyo haipo wala haihitajiki, maana alama zako hazijaenda popote.

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Tanzania Mei 2019, ukapamba moto kuelekea Januari 20, 2020. Tangu hapo wabanguaji wa korosho wanarudishwa kwa maneno yaleyale: "Mama, vidole vyako vimefutika." Anayesema hivyo ni kijana wa laini, si mganga wa ngozi, lakini neno lake limeaminiwa kuliko langu.

Ganda la korosho lina mafuta makali, yenye asidi ya anakadi na kadoli. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, ndiyo maana utomvu wa embe nao huwababua baadhi ya watu midomo. Mafuta hayo yakigusa kidole gumba na cha shahada siku baada ya siku, ngozi inakuwa nyeusi, inakakamaa, kisha inachunika na kupasuka; huo ndio ukurutu wa mikono. Ukiitazama, kweli mistari huioni.

Sasa sikiliza tiba za mtaani. Wa kwanza anasugua ncha za vidole kwa msasa "ili mistari itoke". Wa pili analoweka mkono kwenye jiki kuondoa weusi. Wa tatu anatumia mafuta ya taa, na yupo aliyeshauriwa maji ya betri! Msasa unasawazisha matuta ambayo ndiyo alama yenyewe. Umelipa fundi akubomolee nyumba unayotaka kuipaka rangi. Jiki inayeyusha ngozi na kuondoa mafuta yake ya asili, na kesho yake kidole kimepasuka. Na weusi wenyewe si tatizo kubwa: kifaa kinatafuta matuta na mabonde ya ngozi, hakijali kidole kina rangi gani. Weusi utaondoka pamoja na ngozi iliyokufa, bila msaada wako.

Mistari hiyo ilijipanga ukiwa tumboni mwa mama yako, kabla mimba haijafika nusu, na ramani yake iko chini, pale ngozi ya juu inapokutana na ya ndani. Ngozi ya juu hujibadili kwa takribani mwezi mmoja, na inayoota hufuata ramani ileile. Jambazi wa Kimarekani John Dillinger aliunguza vidole vyake kwa asidi makusudi ili asitambulike. Alipouawa Chicago mwaka 1934, maiti yake ilitambuliwa kwa vidole hivyohivyo. Ukitaka kufuta alama kabisa, inabidi uungue hadi ngozi ya ndani ife na kuacha kovu. Korosho kwa kawaida haifiki huko. Maji ya betri yanaweza.

Kwa nini basi mashine inakataa? Kwa sababu haitazami kidole kizima kama wewe unavyotazama sura ya mtu. Inatafuta mahali mstari unapoishia na unapogawanyika. Mpasuko mmoja wa ukurutu ukikatiza mistari kumi, mashine inaona miisho ishirini isiyokuwepo siku ulipoandikishwa kitambulisho cha taifa. Ngozi kavu nayo haigusi kioo vizuri, picha inatoka madoadoa. Tatizo hili si la Lindi peke yake: utafiti wa Malaysia uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta asilimia 27 ya wagonjwa wa ukurutu wa mikono wanakataliwa na mashine, dhidi ya asilimia 2 ya wasio nao.

La kufanya ni haya. Pumzisha vidole wiki tatu au nne, usibangue. Paka vaselini mara nyingi, hasa usiku. Ukurutu ukiwa mkali nenda hospitali upewe dawa ya kupaka ya siku chache, si krimu ya dukani ya kung'arisha uso. Ukirudi kazini vaa glavu, au walau jipake mafuta ya kula kabla ya kushika ganda. Unapopulizia mikorosho salfa vaa glavu pia, nayo inakausha ngozi. Siku ya usajili nawa kwa sabuni ya kawaida, gusa mafuta kidogo, futa, kisha mwombe wakala ajaribu kidole cha mwisho au mkono usiobangulia. Akikataa, nenda duka kubwa la kampuni ukaulize kama wana utaratibu wa maswali badala ya kidole.

Jambo moja halisubiri wiki tatu: kidole kikiungua au kukatika bila wewe kusikia maumivu, au ukiwa na baka lisilo na hisia, nenda ukapimwe ukoma. Dawa zake ni bure, za miezi 6 au 12 kulingana na aina, na kuchelewa ndiko kunakoondoa vidole vyenyewe.