Gari la Dizeli Likikunyamazia, Usikimbilie Betri Mpya

MWENYE gari kuukuu la dizeli anaijua siku hiyo. Jana liliwaka bila taabu. Leo asubuhi watoto wamekwisha kuketi na mikoba yao ya shule, anageuza ufunguo, kimya. Anageuza tena, kimya. Mara ya tano injini inanguruma kana kwamba haikuwa na neno. Wiki mbili zinapita salama, kisha usiku wa kumkimbiza mgonjwa hospitalini gari linanyamaza tena.

Maradhi haya ya kuja na kwenda yamezila pesa za familia nyingi. Mwenye gari huambiwa betri imekufa, akanunua mpya. Shida ikarudi. Huambiwa stata imekwisha, akaenda maduka ya spea ya barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akanunua nyingine. Shida ikarudi vilevile, na hatimaye ikagunduliwa kwamba kilichokuwa kibovu ni waya mmoja ulioliwa na kutu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuna gari ambalo injini yake huzunguka vizuri lakini haishiki. Hilo litazamwe mafuta, hewa iliyoingia katika mabomba, au plagi za kupasha moto. Na kuna gari ambalo injini haizunguki hata kidogo. Hili la pili ndilo letu leo, na karibu kila mara kisa chake ni umeme. Fundi akitaka kubadilisha filta ya dizeli kwa ajili ya ugonjwa huu, mshukuru kwa adabu uende zako.

Kwa nini magari ya dizeli husumbuliwa hivi kuliko ya petroli? Injini ya dizeli haina cheche. Huibana hewa hadi ipate moto wa kuwasha mafuta, aghalabu mara 15 hadi 23. Kuuzungusha mzigo huo kwahitaji stata yenye nguvu, inayovuta ampea 300 au zaidi kwa sekunde chache.

Wanafunzi wa fizikia na wachukue kalamu. Sheria ya Ohm yasema volti ni ampea mara ukinzani. Uchafu kidogo kwenye kichwa cha betri, wenye ukinzani wa omu 0.01 tu, ukipitiwa na ampea 300 utameza volti 3 katika zile 12. Lakini redio inayovuta ampea 2 haitahisi lolote. Ndiyo sababu ule msemo wa “betri ni nzima, mbona redio inaimba” umewapoteza wengi.

Siri ya ugonjwa wa kuja na kwenda ni kuupima wakati gari limegoma. Likishawaka, ushahidi umetoweka, na fundi atakayelikuta likiwa zima atabahatisha kama wewe. Basi siku likigoma, weka gia huru, vuta breki ya mkono, washa taa kubwa zimulike ukuta, kisha geuza ufunguo huku ukizitazama.

Taa zikififia sana au kuzimika, tazama betri na vichwa vyake. Mwenye macho haambiwi tazama: ule unga mweupe au wa kijani ni adui. Lakini waya mnene unaotoka betri hadi kwenye chuma cha injini husahaulika mno, kwa kuwa umejificha chini ukirushiwa matope miaka ishirini. Ufungue, usugue hadi chuma king’ae, ukaze.

Taa zisipobadilika wala usisikie mlio wowote, umeme haufiki kwenye stata. Hapo washukiwa ni swichi ya ufunguo, rilei, au ule waya mwembamba unaokwenda kwenye stata. Kama gari ni la otomatiki, jaribu kuliwasha likiwa kwenye N badala ya P. Likikubali, umeshika mkia wa mwizi.

La tatu ndilo lenye utamu. Taa zinabaki kama zilivyo, au zinafifia kidogo tu, na unasikia “tak!” moja bila injini kuzunguka. Katika Toyota Hilux na Land Cruiser za dizeli za miaka ya 1980 na 1990, mlio huu ni wa kawaida mno. Ndani ya solenoidi ya stata mna vipande viwili vya shaba, na kisahani kinachovigusa vyote kwa pamoja ili umeme mkubwa upite. Kila ukiwasha gari, cheche huila shaba hiyo. Kimoja kikilika kuliko mwenzake, kisahani hugusa upande mmoja na kuukosa wa pili. Lakini kisahani hicho huweza kujizungusha kidogo kila kinaporuka, na mara ya tano kikaangukia mahali palipo pazima. Wenye gari hudhani ni mkosi, kumbe ni shaba. Vipande hivyo na kisahani chake huuzwa peke yake, kwa bei iliyo mbali sana na ya stata nzima.

Kabla ya kufungua stata, hakikisha kwa mita. Betri iliyojaa, gari likiwa limetulia, husoma volti 12.6 hivi. Mtu akishikilia ufunguo, waya mwembamba kwenye stata usome karibu na volti za betri. Ukisoma 12 na stata inasema “tak” tu, ugonjwa umo ndani ya stata. Ukisoma 7 au 8, iache stata, rudi kwenye swichi. Baadhi ya Land Cruiser ni za volti 24, basi hesabu mara mbili.

Kuigonga stata taratibu kwa spana kunaweza kukufikisha nyumbani, hasa brashi zake zikiwa zimekwisha. Kuunganisha stata kwa bisibisi, ambako vijana wa gereji hukupenda, ni hatari: gari likiwa kwenye gia litaruka na kumkanyaga aliye mbele. Na kabla ya kugusa waya wowote mnene, ng’oa kwanza ule wa hasi kwenye betri, na uvue pete.

Likigoma baada ya kupita kwenye mafuriko, kama yale ya Nairobi ya 2024, usigeuze ufunguo tena wala usikubali lisukumwe. Huenda maji yameingia kwenye silinda, nayo hayabaniki kama hewa. Konirodi zitapinda, na hapo hutakuwa tena na gharama ya shaba bali ya injini nzima.