Kilima cha Pugu kilipotupatanisha

Jumamosi saa 11 alfajiri, Upanga ikiwa imelala, tulitoka watu watano na baiskeli zetu, mke wangu akiwemo. Safari ni Pugu, upande wa Kisarawe. Barabara ya Nyerere ipite mapema; kukishakucha, daladala na malori hayamjali mwendesha baiskeli. Beba pampu, viraka na maji. Mafundi wamejaa Kariakoo, msituni hakuna.

Pugu ndiko Mwalimu alikofundisha hadi 1955. Kuna pia udongo mweupe wa kaolini, ambao ukilowa huteleza kama sabuni.

Kwenye kilima cha kwanza nilimwacha mke wangu. Ukweli ni kwamba nilitaka rafiki zangu wanione. Kufika juu nikageuka, hayupo. Nilimkuta chini amekaa kando ya njia, cheni imetoka, mikono myeusi kwa grisi.

“Baba watoto, ulinialika mimi au wao?”

Sikuwa na jibu. Nikarudisha cheni, akatangulia yeye. Tangu siku ile, mwenye mwendo wa polepole ndiye anayeongoza kupanda.

Wiki iliyopita niliyeshuka kusukuma ni mimi. Alinisubiri kivulini, chupa ya maji mkononi, akinicheka.