Shilingi, Riba na Kapu la Nyumbani



Kina mama wengi wametuuliza: ikiwa shilingi imepata nguvu, mbona bei ya mchele haikushuka kwa kiasi hicho hicho? Na mbona fedha zitumwazo na watoto wetu walioko Arabuni zimepungua? Maswali haya mawili yana shina moja.

Mwanzoni mwa mwaka 2022, dola moja ya Marekani ilikuwa takriban shilingi 113. Kufikia Januari 2024 ilikaribia 160. Mwishoni mwa Machi mwaka huo huo ikarudi karibu na 130. Yote hayo yaliandamana na riba.

Kuanzia Machi 2022, Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sufuri hadi zaidi ya asilimia 5 mwaka 2023. Wenye mali wakavutwa kuweka fedha zao huko, na dola zikaadimika kwetu. Aidha, nchi yetu ilikabiliwa na deni la dola bilioni 2 lililopasa kulipwa Juni 2024, na watu wakahofu. Mnamo Februari 2024 serikali ilikopa upya dola bilioni 1.5 ili kulipa sehemu ya deni hilo. Benki Kuu ya Kenya nayo ikapandisha riba yake hadi asilimia 13, na bondi ya serikali ya mwezi huo ikatoa zaidi ya asilimia 18. Wageni wakaleta dola ili wapate faida hiyo, na shilingi ikainuka.

Sasa tutazame kapu. Mchele, ngano na mafuta ya kupikia yashukayo Kilindini hununuliwa kwa dola. Tuchukue mfano wa gunia la dola 40: dola ikiwa shilingi 160, gunia ni 6,400, ikiwa 130, ni 5,200. Lakini bei hubebwa na mizani mbili. Julai 2023 India ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati, na bei ikapanda ulimwenguni. Gunia likipanda kwa dola, nguvu ya shilingi humezwa. Tena mwenye duka huuza kwanza shehena aliyoinunua dola ikiwa ghali, na ikiwa alikopa benki, riba iliyopanda huiongeza katika bei. Hivyo hata nyumba iliyojiepusha na riba hufikiwa na vumbi lake. Petroli hupangiwa bei kila mwezi, ndiyo maana ilishuka mapema: jijini Nairobi lita ilipita shilingi 217 Oktoba 2023, na kufikia katikati ya Machi 2024 ilikuwa chini ya 200.

Ama fedha za Arabuni, riyali ya Saudia imefungamanishwa na dola, riyali 3.75 kwa dola moja. Binti atumaye riyali 1,000 aliwafikishia wazazi wake takriban shilingi 42,600 mwezi wa Januari, na 34,600 mwishoni mwa Machi. Pengo ni shilingi 8,000, ilhali jasho lake ni lile lile.

Hapa ndipo tunapousia. Yako majumba ambamo mtoto hushukiwa kuwa amebadilika, au ana siri, kwa kuwa shilingi zimepungua. Dhana mbaya ni dhambi. Kabla ya kumlaumu, muulizeni ametuma riyali ngapi. Na mnapopanga karo, ujenzi au safari ya Hija, ambayo gharama zake nyingi hulipwa kwa riyali na dola, pangeni kwa fedha ile ile itakayolipwa, wala msiahidi kwa hesabu ya mwezi uliopita. Dola ikipanda, ziada isigeuzwe kuwa mazoea. Iwekwe akiba ya siku itakaposhuka.

Mwenyezi Mungu azibariki chumo zetu, na awalinde watoto wetu walio ugenini. Amin.