Ukiazimia Kwenda Havana

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Yafaa methali hiyo ikumbukwe na kila anayeazimia kuutembelea mji wa Havana, makao makuu ya Kuba, kwani safari yenye manufaa hutengenezwa nyumbani kabla ya kupanda ndege.

Jambo la kwanza ni majira. Tufani za Karibi huvuma kati ya Juni na Novemba. Kwa hiyo miezi ya Desemba hadi Aprili, ambayo ina mvua chache, ndiyo inayofaa zaidi. La pili ni fedha. Kadi za benki za Marekani hazina kazi huko, kwa sababu ya vikwazo vya uchumi vilivyowekwa tangu miaka ya 1960. Msafiri na achukue fedha taslimu. Asisahau bima ya matibabu, ambayo ni sharti kwa wageni tangu mwaka 2010.

La tatu ni kuijua historia. Havana ilianzishwa mahali ilipo sasa mwaka 1519. Merikebu za Wahispania zilizosheheni dhahabu na fedha za Amerika zilikusanyika bandarini humo kabla ya kuvuka Atlantiki. Ndiyo maana mji ukazungushiwa ngome. El Morro ilianza kujengwa mwaka 1589. Waingereza waliuteka mji mwaka 1762, na walipourudisha mwaka uliofuata, Wahispania wakaanza kujenga La Cabaña, ngome kubwa zaidi.

Mgeni akiyapapasa mawe ya kuta hizo, asiwasifu wafalme peke yao. Watumwa wa Kiafrika walitoa jasho lao hapo, na utumwa haukufutwa Kuba hadi mwaka 1886. Avuke bandari kwa kivuko hadi Regla, akaone kanisani sanamu ya Bikira mweusi, ambaye wazao wa Wayoruba humheshimu pia kwa jina la Yemayá, mama wa bahari. Tena akumbuke kwamba Che Guevara, aliyeishika La Cabaña Januari 1959, alikaa kwa siri Dar es Salaam baada ya kutoka Kongo mwishoni mwa mwaka 1965.

Lakini Havana si makumbusho. Ni mji wa watu wanaohangaika. Oktoba 2024 umeme ulizimika nchi nzima, na katika miaka hii dawa na vyakula vimekuwa adimu. Basi mgeni apange chumba katika nyumba ya familia, ili kodi yake iingie jikoni mwao. Achukue tochi, na katika mzigo wake atenge nafasi ya sabuni, dawa za maumivu na madaftari ya watoto. Asitoe kwa majivuno, bali kama jirani amjuliavyo hali jirani.

Akifanya hivyo, wenyeji watampokea kama ndugu, naye atarudi nyumbani na zaidi ya picha.